Nozeli za Lori Lililoongezwa Turbo: Kusoma Dalili Kabla ya Kununua

Lori likishaongezwa turbo (feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) au kuguswa pampu ya dizeli, kisha likaanza kutoa moshi, kugonga au kuishiwa nguvu mlimani, lawama ya kwanza huangukia nozeli, yaani ncha zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda. Mara nyingi hazina kosa. Na hata zikiwa na kosa, si lazima matundu yawe makubwa mno au madogo mno. Inawezekana kabisa kwamba hayalingani na plunja (vipande vinavyosukuma mafuta) zilizomo kwenye pampu, au na hewa inayoingia kwenye silinda.

Maelezo haya ni ya injini zenye pampu isiyotumia kompyuta: Canter za 4D33, Fuso za 6D16, Isuzu za zamani, na Land Cruiser za 1HZ zinazobeba mizigo na wageni. Injini ya komoni reli (mfumo wa kisasa wa mafuta unaoongozwa na kompyuta) ina mambo yake, na haya hayaifai. Presha yake inapita bar 1,000, na hata hatua ya kulegeza nati iliyoelezwa hapa chini ni hatari kwake.

Nozeli haileti mafuta

Hili lieleweke kwanza, maana ndilo linalowapotezea watu fedha. Kiasi cha mafuta kinapimwa na pampu: kipenyo cha plunja na mahali ilipo reki (fito ya ndani ya pampu inayoongeza au kupunguza mafuta). Kazi ya nozeli ni kuyapasua mafuta hayo yawe ukungu na kuyaelekeza yanapotakiwa. Plunja inasukumwa na kamu, na kasi yake inafuata mzunguko wa injini. Ukifungua reki, plunja inasukuma kwa muda mrefu zaidi, lakini haisukumi kwa kasi zaidi.

Sasa weka nozeli zenye matundu makubwa kwenye pampu ile ile. Ukitoka matundu matano ya 0.30 mm kwenda matano ya 0.35 mm, eneo linaongezeka kwa asilimia 36. Mafuta yanayopita ni yale yale, kwa hiyo presha kwenye ncha inashuka hadi karibu nusu ya ile ya awali, asilimia 54 kwa hesabu. Presha ikishuka, ukungu unageuka matone, na tone halimalizi kuungua kabla vali ya kutolea moshi haijafunguka. Ndiyo maana mtu anafunga nozeli kubwa akitafuta nguvu, anapata moshi mweusi na joto.

Upande wa pili nao una madhara. Pampu ikishaongezwa sana huku matundu yakibaki madogo, mafuta yanabanana kwenye bomba, mnyunyizo unachelewa kwisha, na mafuta ya mwisho yanaingia pistoni ikiwa imeshaanza kushuka. Hayo yanaungua kuelekea ekzosi, na turbo inawiva.

Hesabu ya hewa ya huku kwetu

Kabla ya kutaja ukubwa wa tundu, jua injini inaweza kuunguza mafuta kiasi gani. Chukua 4D33 ya lita 4.2 isiyo na turbo, kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Kila silinda inavuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo injini ingemeza lita 4,200 kwa dakika. Ukitoa hasara ya filta na vali zinabaki kama 3,600. Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ya nyuzi 25 ina uzito wa karibu kilo 1 kwa mita moja ya ujazo. Hizo ni kilo 3.6 za hewa. Dizeli inaungua safi ikipata kilo 20 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta, yaani hapa gramu 180 kwa dakika. Zigawe kwa mapigo 4,000 ya pampu, na kwa lugha ya mashine ya kupimia pampu unapata karibu mililita 53 kwa mapigo 1,000 ya kila plunja.

Injini hiyo hiyo ikiwa Dar es Salaam, joto nyuzi 30, inastahili karibu mililita 62. Pampu iliyopimwa pwani ikipanda hadi Arusha inamwaga kama asilimia 17 zaidi ya hewa iliyopo. Lori halijabadilika kitu, lakini limeanza kutoa moshi. Katika mji wa Moshi, chini ya mita 900, dalili ni ndogo. Likipakia vitunguu Mang'ola na kurudi kupitia Karatu zinaonekana wazi, na kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, kiasi sahihi kinashuka chini ya mililita 50.

Ukiongeza turbo ya bar 0.5 ukiwa Arusha, kiasi hicho kinapanda hadi mililita 70 hivi bila interkula (kipoza hewa ya turbo), na 78 ikiwepo interkula nzuri. Kutoka 53 kwenda 78 ni ongezeko la asilimia 47. Hapo ndipo swali la nozeli linaanza kuwa na maana.

Kuchagua

Kama plunja ni zile zile na mafuta hayajaongezwa zaidi ya asilimia 25, funga nozeli za ukubwa wa kiwandani, mpya, seti moja, zilizopimwa. Usitafute kingine. Mafuta yakiongezwa kati ya asilimia 25 na 50, ongeza eneo la matundu kwa asilimia 15 hadi 25. Mfano, matundu matano ya 0.25 mm kwenda matano ya 0.28 mm ni asilimia 25. Kwenda 0.30 mm ni asilimia 44, na kwa lori la mzigo hiyo imezidi.

Plunja zikibadilishwa, nozeli ifuate plunja. Kutoka 9.5 mm kwenda 10.5 mm eneo la plunja linaongezeka kwa asilimia 22, na matundu yaongezwe kwa kiasi kinachokaribia hicho. Anayekuuzia plunja kubwa bila kukuuliza nozeli ulizo nazo bado hajaielewa injini yako.

Usihesabu kipenyo peke yake. Hesabu idadi ya matundu mara kipenyo mara kipenyo. Matundu manne ya 0.33 mm na matano ya 0.30 mm yanapishana kwa asilimia 3 tu, lakini hayo matano yanapasua mafuta vizuri zaidi.

Soma maandishi ya kwenye nozeli kabla hujalipa. Kwenye zenye alama ya Bosch ya DLLA, namba inayofuata ni pembe ya mnyunyizo: DLLA 150 ni nyuzi 150. Herufi inayofuata ni umbo. P ni nyembamba, shingo yake kama 14 mm, na S ni nene, 17 mm, na mwili wa injekta, yaani kishikio cha nozeli, wa aina moja haupokei nyingine. Pembe lazima ilingane na bakuli (shimo la juu) la pistoni yako. Ikiwa pana mno, mafuta yanagonga hedi na ukuta wa silinda, yanaosha oili na kushuka sampu (karai la oili). Ikiwa finyu mno, yanapiga chini ya bakuli sehemu moja, na hapo ndipo pistoni inapotoboka.

Kwenye injini nyingi za vali mbili kwa silinda, injekta imekaa kwa mshazari. Nozeli zake hazina matundu yaliyopangwa sawa pande zote. Kila tundu lina pembe yake, na kuna pini ndogo inayozuia nozeli isizunguke. Kwa hiyo kupanua matundu kwa waya au kwa drili ya mkono hakukubaliki hata kidogo. Tofauti ya 0.02 mm kwa tundu moja inatosha kuifanya silinda moja iwe moto kuliko wenzake.

Kwa 1HZ, habari ni fupi. Nozeli zake zina tundu moja lenye pini ndani yake, na mafuta yanaingia kwenye chumba cha pembeni kabla ya silinda. Hakuna matundu ya kuchagua. Funga seti mpya, zote zifunguke kwa presha moja, karibu bar 150, na nguvu itafutwe kwenye turbo ndogo na pampu iliyopimwa. Fundi akisema atatoboa nozeli za 1HZ, chukua nozeli zako uondoke.

Moshi mweusi unaondoka turbo ikishika

Dereva anakanyaga kutoka kwenye kituo, wingu jeusi linatoka, kisha baada ya sekunde mbili tatu ekzosi inakuwa safi. Mafuta yamefika kabla ya hewa. Kwenye pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya turbo kuna kiwambo juu ya gavana (kidhibiti mwendo cha pampu) kinachosoma presha ya turbo na kuzuia reki hadi hewa ifike. Pampu ya injini isiyo na turbo haina kiwambo hicho, na nyingi za malori yaliyoongezwa turbo mtaani ni za aina hiyo.

Anza na hewa. Fungua filta uitazame kwenye mwanga. Vumbi la barabara za changarawe za Mbulu na Simanjiro linaziba filta kabla ya muda wake. Kisha ziba mdomo wa kuingizia hewa wa turbo, ingiza upepo wa kompresa usiozidi bar 1, na paka maji ya sabuni kwenye kila klampu na kila mpira hadi kwenye manifoldi. Povu likitokea, umepata. Mpira wa interkula uliopasuka upande wa chini hauonekani kwa macho ukiwa umesimama. Unaonekana kwa povu.

Hewa ikiwa nzima na kiwambo kipo, vuta kijibomba chake na uingize presha kidogo: kinatakiwa kishike, kisivuje. Kikiwa kimechanika, lori litakosa nguvu badala ya kutoa moshi. Kikiwa kimefungwa kimakosa kiasi kwamba hakizuii reki, ndipo moshi huu. Kama pampu haina kiwambo kabisa, punguza reki mpaka moshi wa kuondokea uwe hafifu. Nozeli zilizoongezwa zaidi ya asilimia 25 zirudishwe za kawaida. Kwa mzunguko mdogo presha ya pampu iko chini tayari, na tundu kubwa linaishusha zaidi.

Moshi mweusi mlima mzima, na joto

Huu ni mbaya zaidi. Lori limetoka Mto wa Mbu, linapanda ukingo wa bonde la ufa kuelekea Karatu, moshi haukati na geji ya maji inasogea. Turbo imeshashika, hewa ipo, lakini mafuta yamezidi au yanachelewa.

Bila geji ya joto la ekzosi unabahatisha. Ifungwe kwenye manifoldi, kabla ya turbo. Mlimani na mzigo isizidi nyuzi 700. Ikitulia kwenye 650 pistoni na turbo ziko salama zaidi. Soma geji hiyo pamoja na ya presha ya turbo:

Joto juu, presha ya turbo chini ya kawaida: hewa inavuja, au ekzosi imeziba, au turbo imechoka. Usiguse nozeli.

Joto juu, presha ya kawaida, moshi mweusi: mafuta yamezidi. Rudisha reki kidogo kidogo, robo ya mzunguko wa skrubu kila safari, huku ukisoma geji.

Joto juu, presha ya kawaida, moshi si mwingi: taimingi (wakati wa kunyunyiza mafuta) imechelewa, au matundu ni madogo kwa plunja zilizomo. Pima taimingi kwanza, ni bure. Ikiwa sahihi, hapo ndipo nozeli za eneo la asilimia 15 zaidi zinaleta nafuu ya kweli, na joto linashuka bila kupoteza nguvu.

Moshi mweupe asubuhi

Arusha mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, na injini iliyochoka inajitangaza. Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli isiyoungua. Ukinuka utamu na maji ya rejeta yanapungua, tatizo ni gasketi au hedi, si mafuta.

Kwa ule unaowasha, chunguza kwa mpangilio huu: hita za kuwashia, taimingi, presha ya kufungukia nozeli, kompresheni. Nozeli iliyotumika muda mrefu springi yake inalegea, na inafunguka mapema kwa presha ndogo. Tofauti ya kompresheni kati ya silinda na silinda ikizidi bar 5, weka nozeli pembeni na ufikirie ringi na vali.

Misi na kugonga

Misi ni silinda kukosa kuwaka. Injini inatetemeka kwenye sailensi (ikizunguka bila kukanyagwa), au inagonga kama nyundo kwenye silinda moja. Tafuta silinda yenyewe. Injini ikiwa kwenye sailensi, funga kitambaa kinene kwenye nati ya bomba la nozeli ya kwanza, ilegeze nusu mzunguko kwa spana, sikiliza, ikaze, nenda ya pili. Silinda ambayo ukilegeza mlio wa injini haubadiliki ndiyo haifanyi kazi. Ambayo ukilegeza kugonga kunakoma ndiyo inayogonga. Mkono usikaribie mafuta yanayoruka: mnyunyizo wa nozeli unapenya ngozi bila kuumiza sana mwanzoni, na dizeli ndani ya kidole ni jeraha la kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, si la kufunga kitambaa.

Badilishana nozeli ya silinda hiyo na ya jirani. Tatizo likihama na nozeli, nozeli ni mbovu. Likibaki palepale, tazama plunja, vali ya kutolea ya pampu, au kompresheni. Kama silinda zote zinagonga tangu zifungwe nozeli mpya, taimingi iko mbele, au nozeli zimefungwa presha ndogo kuliko inavyotakiwa.

Nozeli mpya, nguvu ile ile

Pampu ndiyo kikomo. Kabla ya pampu, angalia njia ya mafuta: filta, pampu ndogo ya kuvutia, mpira wa tanki unaojibana, na tundu la kupumulia la mfuniko wa tanki. Lori linalokata nguvu baada ya dakika kumi mlimani na kurejea likisimama kidogo, mara nyingi tanki lake halipumui. Legeza mfuniko, ujaribu mlima ule ule.

Oili inapanda kwenye kipimo

Simamisha lori. Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki beringi. Chanzo ni nozeli inayodondosha, pembe isiyolingana na pistoni, au sili ya pampu inayopitisha dizeli kuingia kwenye injini. Ukishapata chanzo, mwaga oili yote na ubadilishe filta kabla ya kuwasha tena.

Kupima na kufunga

Hata nozeli mpya za kwenye boksi zipimwe. Kwenye mashine ya kupimia, pandisha mkono polepole na usome presha inapofunguka. Injini nyingi za mnyunyizo wa moja kwa moja ziko kati ya bar 180 na 250, na namba kamili iko kwenye kitabu cha injini husika. Zote za injini moja zisipishane zaidi ya bar 5. Shimu (kipande chembamba cha chuma) ya 0.05 mm juu ya springi hubadilisha presha kwa bar 5 hivi, kutegemea springi. Kisha shikilia presha bar 10 hadi 20 chini ya ile ya kufungukia kwa sekunde 10: ncha ibaki kavu. Ikilowa, sindano ya ndani ya nozeli haikai vizuri.

Sasa piga haraka na uangalie ukungu. Kila tundu litoe mkia wake, ulio sawa na wenzake, na nozeli ilie. Ukiweka karatasi nyeupe chini yake kwa pigo moja, madoa yawe sawa kwa ukubwa na umbali. Doa moja lenye mchirizi au tone katikati linatosha kuirudisha dukani.

Kwenye hedi, kosa linalorudia kila mwezi ni washa ya shaba. Ya zamani inabaki chini ya shimo, nyeusi, imeshikana na masizi hadi inafanana na chuma cha hedi. Mpya inawekwa juu yake, nozeli inainuka milimita mbili, na mnyunyizo unapiga ukingo wa bakuli. Ingiza waya uliokunjwa ncha, ukwangue chini hadi usikie ukingo mmoja tu, kisha safisha kwa kitambaa na upulize. Weka washa mpya za unene ule ule, usirudie za zamani, na ukaze kwa spana ya toki kwa namba ya kitabu. Ukifungua nozeli baadaye ukakuta mstari mweusi umekatiza uso wa washa, moto umekuwa ukipita hapo. Ncha ya nozeli hiyo itakuwa imegeuka rangi ya bluu, na sindano yake imeanza kukwama.

Badilisha filta za dizeli siku hiyo hiyo, na uijaze ile mpya kwa mafuta yaliyochujwa. Usitie dizeli ya madumu ya barabarani kwenye injini yenye nozeli mpya. Iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi vizuri, na sindano na plunja, ambazo zinalainishwa na dizeli yenyewe, zinakwaruzika kwanza. Baada ya kilomita 1,000 fungua nozeli moja, ile ya silinda yenye joto kubwa kuliko zote. Ncha kavu ya rangi ya kijivu au kahawia ni nzuri. Masizi laini meusi yanaonyesha mafuta bado yamezidi: rudi kwenye skrubu ya reki, robo mzunguko, na upande tena ule mlima.